Marcella Karwirwa na Mlango wa Kanisa la Kamugaa

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Mbaabu kutoka Kangeta, ndugu mdogo wa marehemu, wa mwisho kwa mama yetu, na nimepewa kazi ya kusoma kwa sababu Muchangi, kifungua mimba wa marehemu, ni mwalimu katika shule hii, na kamati ya kanisa iliyomwajiri ndiyo nitakayoitaja, basi familia ikaona heri asome mtu ambaye hapa hawezi kufutwa kazi na yeyote. Nitafuata utaratibu, kuanzia kuzaliwa hadi kufa, lakini nasema mapema kwamba nina hasira na sitaificha, kwa maana dada yangu amelazwa chini ya hema, hatua kumi kutoka kwenye mlango wa kanisa alilolijenga kwa mgongo wake, na mlango umefungwa.

Marehemu Karwirwa alizaliwa tarehe 3 Machi 1940 kwa mujibu wa kitambulisho chake, ingawa mama yetu alisema tu kwamba ilikuwa wakati wa kupalilia, katika kijiji kilicho karibu na soko la Kangeta, Igembe, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba. Alianza darasa la kwanza Januari 1949, akasoma mwaka mmoja na miezi saba, kisha Agosti 1950 akatolewa shuleni ili anibebe mimi, niliyekuwa nimezaliwa mwezi huo, na hakurudi tena. Mimi nikaja kusoma hadi darasa la saba, na ndiyo maana leo mimi ndiye ninayeshika karatasi na yeye ndiye aliyelala, na jambo hilo mliweke akilini, nitalirudia.

Tarehe 16 Desemba 1961 aliolewa na marehemu Gichovi, fundi wa mbao kutoka huku Mbeere, ambaye alikuja kwetu kuposa akiwa na mtungi wa asali tu, hakujua kwamba kwa Waigembe posa haianzi bila kifurushi cha miraa, na baba akamrudisha, akaenda, akauliza watu, akaja tena na kifurushi kilichofungwa ovyo kabisa hata wazee wakacheka, lakini wakampa mke. Mungu aliwajalia watoto watatu, Muchangi aliyezaliwa 1963, Karimi 1966, na Lorna 1970, ambaye ana duka la nguo pale Makutano, Meru. Gichovi alitutoka tarehe 22 Oktoba 1989, akamwachia shamba kavu la mtama na ndengu, mbuzi wachache, na punda wawili.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengine wamesahau. Januari 1991 Mwinjilisti Runji, ambaye ndiye anayetuongoza katika ibada hii, alikuja Kamugaa kutafuta mahali pa kuanzisha shule ya nasari na pa kuhubiri, akazunguka siku tatu akiambiwa kwamba hapa watu wana makanisa yao tayari na Walutheri hawajulikani, na siku ya nne akafika kwa dada yangu, ambaye alitoa mbuzi kwenye banda la mawe la marehemu mumewe, akafagia, akapiga lipu kwa udongo na mavi ya ng'ombe, akamwambia aanze Jumatatu. Watoto walikuwa kumi na wanne, na Jumapili waliketi humo humo watu wazima sita, wakiimba wamekalia vibao vya watoto, magoti yakigusa kidevu. Tarehe 12 Aprili 1992, Jumapili ya Matawi, alibatizwa katika banda hilo, akachukua jina la Marcella.

Shule ilikua, kila mwaka darasa moja juu, na kila ilipokua dada yangu alisogea. Mwaka 1993 jiko lake lilibomolewa pakajengwa darasa la pili, 1995 jiko jipya likahamishwa tena kupisha ofisi ya mwalimu mkuu, na ekari nzima akaiandikia kanisa kwa kidole gumba, bila kuomba chochote, hata kibao chenye jina lake. Mwaka 1996 mlipoanza kujenga kanisa hili la mawe, mafundi walikuja Jumatatu na Jumamosi, na maji ya kukoroga simenti hayakuwepo, basi siku hizo zote mbili yeye alitangulia na punda hadi mtoni, kilomita tano kwenda, tano kurudi, safari mbili kabla ya saa sita mchana. Hayo niliyaona kwa macho yangu, nilipokuja Agosti mwaka huo nilimkuta mabega yamechubuka kwa kamba, nikamgombeza, akanicheka, akaniambia niende nikauze miraa yangu.

Na Jumamosi, ndugu zangu, saa tatu asubuhi, ndiyo ilikuwa siku na saa ya mafundisho ya kipaimara. Wenzake waliketi darasani na vitabu, yeye alikuwa njiani na punda, na hata angeketi, kitabu kilitaka kusomwa, na aliyemnyima kusoma ni mimi niliyekuwa mgongoni mwake. Mzee Njura, mwenyekiti wa kamati, alijiunga nanyi 1995, akasoma, akapata kipaimara chake Novemba 1996, na tunafurahi naye, lakini chai aliyokunywa kila Jumamosi katika mafundisho hayo ilipikwa kwa maji ya Karwirwa.

Kanisa lilifunguliwa tarehe 14 Septemba 1997, likatiwa mlango wa chuma na kufuli kubwa, iliyokuja na funguo mbili, mmoja ukapotelea kwenye mafuriko ya Novemba, na uliobaki akauvaa dada yangu shingoni kwa uzi, kama alivyovaa ule wa banda tangu mwanzo. Kila Jumapili alfajiri alifungua, akafagia, akapanga viti, akaweka maji ya ubatizo, na mlipofika saa nne mlikuta pako tayari.

Februari mwaka huu alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, akawa anatibiwa na kurudi nyumbani, akaacha punda lakini hakuacha kufagia, hadi Ijumaa tarehe 5 Juni alipozidiwa, akamvua Karimi ile kanga aliyokuwa amejifunga kichwani, akafungia ufunguo kwenye pindo lake, akamrudishia, akamwagiza asiache kufungua Jumapili, kisha akapelekwa hospitali ya Embu, ambako moyo wake ulisimama Jumanne tarehe 9 Juni 1998, saa nane mchana, akiwa na miaka hamsini na minane.

Siku tatu baadaye kamati iliandika barua. Imesema kwamba marehemu hakuwa mshiriki kamili kwa kuwa hakupata kipaimara, hivyo mwili wake hautaingizwa kanisani, utaombewa kwenye uwanja wa shule. Mchungaji, ambaye huwafikia mara moja kwa mwezi, hakuulizwa, na Mwinjilisti Runji nilimuuliza jana, akaniambia kwa upole wake kwamba hajui fundisho lolote linalomzuia mbatizwa kuingia, ila yeye si mwenyekiti. Barua hiyo ilisomwa Jumapili iliyopita ndani ya kanisa hili, mbele ya Karimi, ambaye alfajiri hiyo alikuwa amewafungulia na kuwafagilia nyinyi nyote, na ninyi mkasikiliza mkanyamaza. Aibu gani hii jamani, hata mimi muuza miraa, ambaye mnanihubiria kila nikija, siwezi kumfanyia mtu hivyo.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia siku zile nne bila kumchukia kwa kuwaita usiku na mchana, majirani waliochanga kuni na maharage, walimu waliofunga shule jana ili watoto walete maji, na ni watoto walioleta, kwa vichwa vyao, kutoka mto ule ule. Mwinjilisti, nakushukuru wewe pia, na nakuomba uchukue kitabu chako.

Kamati, ninyi nawauliza jambo moja tu. Mlipoandika barua mlifikiria kila kitu, hema, viti, mahali pa jeneza, lakini hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza ufunguo uko wapi, kwa sababu mlango huu hamjawahi kuufungua, siku zote mmeukuta wazi. Karimi alinipa asubuhi ya leo, ndio huu mkononi mwangu, bado una uzi.

Dada yangu, uliyenibeba, amani ya kupumzika utaipata jioni, nyumbani, kando ya Gichovi, ila kwanza utaingia ndani uombewe kama mtu wa nyumba hii. Muchangi na wenzako, inueni jeneza. Mzee Njura, nakuomba usogee kidogo, umesimama mlangoni.