Kibandiko Begani mwa Kazungu

IDAH: Haloo? Kazungu, umeshaoga? Bandika kabla —

SIDI: Si Kazungu! Ni nani wewe, unayejua mume wangu anaoga saa ngapi?

IDAH: Naitwa Idah. Salama lakini?

SIDI: Salama itoke wapi! Mimi Sidi, mkewe, hapa Kibarani. Simu kaiacha kwenye chaji, nami nikakupigia. Kila akimaliza kula, Idah! Akiamka, Idah! Mna nini?

IDAH: Dada, mimi ni muuguzi. Mengine muulize mwen—

SIDI: Muuguzi! Ndivyo mnavyojiita siku hizi? Na lile limbwata ulilombandika begani?

IDAH: Lim— haloo? Mtandao unakwaruza. Umesema limbwata?

SIDI: Kitu cha duara, rangi ya ngozi. Jana kalala, nikakibandua, nikakitupa chooni. Na chingamu zake nikazitia motoni!

IDAH: Yarabi! Sidi, hiyo, pamoja na chingamu, ni dawa ya kuachia sigara. Inampa nikotini kidogo kidogo, asihangaike. Ndiyo maana leo kanipigia analia, kavuta tena.

SIDI: Analia? Kazungu?

IDAH: Ah. Nimeropoka.

SIDI: Hata mamake alipozikwa hakulia mbele yangu. Leo aje alie kwako! Una nini wewe nisichokuwa nacho?

IDAH: Sina kitu, mwenzangu. Anaogopa akishindwa utamwona.

SIDI: Na wewe ukimwona, sawa?

IDAH: Mimi nimezoea, wengi hushindwa wakarudi kujaribu tena. Kuna vidonge pia. Kuna vingine vipya vinavyotokana na mmea, ila huku kwetu bado sijaviona. Kwanza abandike kibandiko kingine, vimo kwenye begi lake.

SIDI: Vinabandikwaje?

IDAH: Kila siku kipya, mahali pengine, ngozi iwe kavu. Halafu unakandamiza kwa kiganja —

SIDI: Wewe ulimkandamiza kwa chako?

IDAH: [anacheka] Siku ya kwanza tu, kumwonyesha.

SIDI: Usicheke! Basi ndiyo ya mwisho. Kiganja ninacho.

IDAH: Haya, mama. Akinipigia nisipokee?

SIDI: Pokea. Mpe dawa zote ulizo nazo. Ngoja, salio linaniishia — Idah! Akianza kulia, mwambie akate simu aje alie huku ndani. Sitamcheka, sitasema neno, nita—

IDAH: Sidi? Haloo?