Ndege ya Binti, Basi la Mama

Basi la kutoka Usevya kwenda Mpanda lilikuwa limeshaingia hifadhini Eufrazia alipomfungulia moyo jirani yake wa kiti. Binti yake Angela alikuwa anarudi kwa ndege kutoka Dar, macho yamefungwa bandeji baada ya upasuaji, na Eufrazia alishamwahidi kwamba mkono wa kwanza atakaoushika uwanja wa ndege wa Mpanda ni wa mama yake.

"Karuka saa ngapi?" akauliza jirani huyo, Apollinarie, muuza maharage wa Katumba, aliyewahi kupanda ndege mara moja na hajachoka kuisimulia.

"Saa nne. Nina muda, baba. Dar mbali, sisi tupo hapa hapa."

"Mama weee! Kilomita elfu na ushee zile, kwa ndege ni mwendo wa saa mbili tu. Sisi hizi mia moja na kitu, tangu alfajiri nyie mnapakia mpunga!"

Eufrazia akaanza kuhesabu saa vidoleni. Gunia la kwanza kulichelewesha basi lilikuwa lake.

"Lakini wahudumu watamshika mkono," Apollinarie akajirudi.

"Wahudumu ndio waliomzaa?"

Hapo basi likasimama. Mbele yao tembo na mtoto wake walikuwa wanavuka barabara kwa mwendo wa bibi harusi.

"Dereva, si upige honi!"

"Hapa kwao, mama. Tunasubiri."

Eufrazia akamgeukia jirani yake. "Hivi na ndege huwa inasubiri tembo?"

Apollinarie alitazama saa yake, ilikuwa inakaribia saa sita, kisha akavuta mkono wa shati, akaifunika.