Picha ya Mapatano

Basi lilikuwa nusu tupu. Mpiga picha alikaa nyuma ya muuguzi mmoja, mkoba wa kamera mapajani. Wanasema macho hayana pazia. Masikio nayo hayana mlango.

"Jirani kaniita nyani kwa rangi yangu hii, pale kwenye ngazi, mbele ya mwanangu," muuguzi alikuwa akimwambia mzee wa pembeni yake, asiyemjua hata kidogo. "Nikaenda kushtaki ofisi ya mtaa. Unajua walinipa nini? Mkono wa huyohuyo niushike!"

"Si alikuomba radhi, binti yangu? Yaishe."

"Alisema kama niliumia, basi pole. Kama! Kisha wakamwita mpiga picha. Akatupiga mara tatu, ati mimi sitabasamu."

Zilikuwa mara tano, lakini mpiga picha hakuona haja ya kusahihisha.

"Nimeiona ukutani pale ofisini," mzee akasema. "Imeandikwa 'Tumepatana.' Mmependeza."

"Mwanangu naye kaiona. Kaniuliza, mama, kumbe ulikuwa unacheka?"

Mzee akasema: "Yaliyopita si ndwele."

"Yamepita wapi, mzee wangu? Anakaa ghorofa ya juu yangu. Kila asubuhi tunapishana kwenye ngazi zilezile."

Basi likasimama mbele ya hospitali. Muuguzi akainuka, akageuka, macho yakaangukia ule mkoba, kisha yakapanda taratibu mpaka usoni kwa mwenyewe.

"Leo huniambii nitabasamu?" akamuuliza, akashuka.