Macho Mekundu ya Mama Neema

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Naomba leo msinipigie makofi, maana ushuhuda wangu ni wa aibu.

Mimi ni Faida. Mimi na mume wangu tulikimbia Bujumbura mwaka wa tisini na tatu, tukaletwa hapa Kanada, Etobicoke, ghorofa ya tisa. Mimba mbili ziliharibika hapahapa. Ya tatu ilipoingia, nilikuwa naishi kwa woga tu.

Nilikuwa nafua mashuka kwenye nyumba ya wazee pamoja na dada Mfilipino, Luz. Akaniambia kwao kuna kiumbe anaitwa aswang. Mchana ni jirani mpole kabisa. Usiku anageuka mbwa, anageuka ndege, anatafuta wenye mimba ale mtoto tumboni. "Macho yake ni mekundu," alisema, "hayalali." Luz alikuwa anapiga hadithi tu, mashine zikizunguka. Mimi nikaibeba mpaka nyumbani.

Mlango wa pili alikaa Mama Neema, mjane wa Uvira, tuliyesali naye humu. Macho mekundu! Jioni anatoka, asubuhi anarudi. Akinikuta kwenye lifti anatazama tumbo: "Mtoto anacheza?" Nikasema, ndiye huyu aliyenimalizia wawili! Ili aswang asiingie, nikamwaga chumvi mlangoni, nikatundika vitunguu saumu dirishani. Uji alioniletea nikaumwaga chooni. Nikawaambia ninyi wenzangu wa maombi, mkaacha kumsalimu. Mume wangu alinicheka: "Mama wa watu anapakia mikate kiwandani usiku kucha. Unataka macho yawe meupe?" Sikusikia.

Mimba ilipofika mwezi wa saba, siku moja saa nne asubuhi, niko peke yangu, damu ikaanza. Nikaanguka jikoni. Mama Neema akasikia kishindo, akaja kugonga.

"Faida, fungua! Nilikuwa mkunga kwetu. Fungua, mwanangu!"

Ndugu zangu, nguvu ya kufungua nilikuwa nayo. Nilikuwa nayo! Nikajikokota mpaka mlangoni, nikaweka mnyororo. Nikamkemea kwa jina la Yesu.

Yeye ndiye aliyeita ambulansi. Mpaka mnyororo unakatwa, mtoto wangu ameshakwenda. Alikuwa msichana. Daktari hakunificha: tulichelewa.

Mama Neema alikuja hospitali. Akamwogesha mwanangu, akamfunga kwa kitenge chake. Nikamweleza yote, nikilia. Akasema, "Nilijua. Chumvi niliiona." Akanishika mkono mpaka saa yake ya kazi ikafika. Hapo ndipo uongo ule uliponitoka, ndugu zangu, kwa mkono wa mtu niliyemwita mla watoto!

Sijapata mtoto mwingine. Nimefunga, nimeomba, bado. Kuna asubuhi naona hata kuamka ni kazi bure. Lakini namshukuru Mungu, hajanikataa. Mtumainini, hata kama mmefanya kama mimi.

Mama Neema hajakanyaga tena kanisani tangu mlipoacha kumsalimu. Ibada ikiisha naenda kumwomba arudi. Naogopa kwenda peke yangu. Nani atakuja nami?