Aliyenipaka Samli Ndiye Aliyeniosha

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikeni kwa nguvu, hasa ninyi mliokaa mkono wangu wa kulia, maana huko siwaoni vizuri na sitaki kuvihubiria viti vitupu! Amina. Kwa wasionijua, mimi ni Mama Yohana wa Bagara, mke wa mkulima, mwanamke wa maneno mengi kama mnavyosikia. Nimesimama kusema aliyonitendea Mungu, ingawa mengine mpaka leo siyaelewi.

Ilikuwa miaka ile ya themanini, miaka ya foleni. Wenzangu mnakumbuka! Sukari hakuna, mafuta hakuna, sabuni ndiyo usiseme, tulifua kwa majani ya mpapai. Katika shida hiyo ya wote, mimi nikapata ya peke yangu. Nilianza kugonga vitu. Mlango ninaoujua tangu niolewe, naugonga kwa bega la kulia. Nikila, nasema mboga imekwisha, mume wangu ananigeuzia sahani, kumbe mboga ipo, ilikuwa upande wa kulia! Na kichwa kinauma huku nyuma, kisogoni.

Kibaya zaidi kilikuwa salamu. Mnajua kwetu kumpita mzee bila shikamoo si jambo dogo. Nami nikawa nawapita wazee waliosimama kulia kwangu, kimya, kama sijawaona. Wakasema Mama Yohana ameota mapembe. Siku moja, njiani kutoka Maisaka, nikampita mama mkwe wangu mwenyewe, Mama Elizabeti, karibu nimkanyage, wala sikumsalimia. Jamani! Alininunia. Mume wangu akauliza mama yake amenikosea nini. Nikamwambia sikumwona. Akasema, "Mchana kweupe?" Nikaanza kujiuliza, au kweli nina kiburi nisichokijua? Lakini ndugu zangu, kuna kiburi cha upande mmoja?

Nikaenda kwa daktari wa macho. Akamulika, akachungulia, akasema macho yangu ni mazima kabisa. Maneno hayo yaliniuma kuliko ugonjwa wenyewe! Kama macho ni mazima, basi mimi ni mwongo, au nimerogwa, au nimeshikwa na wazimu. Nilichanganyikiwa, nikalia palepale mbele yake. Ila yule daktari hakunidharau. Alikuwa ameona kwamba nikisoma herufi za ukutani naziacha za kulia. Akakiri kwamba na yeye haelewi, akanielekeza hospitali kubwa, mbali, ambako alikuja mtaalamu mgeni na mashine ya kupima jinsi mtu anavyoona.

Mama mkwe aliposikia hayo, hasira zikamwisha. Yeye ndiye alikuwa kiongozi wa kinamama wa maombi. Mafuta ya duka yangetoka wapi? Akatwaa samli ya ng'ombe wake, wakaniombea, akanipaka kichwa kizima, akasema, "Usiioshe mpaka Bwana akufungue macho." Nikaitikia amina. Tukapanda lori mimi na yeye, samli ikashika vumbi la njia nzima, nikanuka kama kibuyu cha maziwa, lakini kuosha? Thubutu!

Tukafika. Nikawekwa mbele ya kitu kama redio yenye kioo kikubwa. Sisi televisheni tungeijulia wapi! Mtaalamu anataka kunibandika nyaya, na anazibandika wapi? Kisogoni! Nikashangaa, macho yako mbele, huyu anahangaika na nyuma! Akabandika, zikateleza. Akafuta, akabandika tena, zikadondoka. Akasema, "Mama, kichwa kina mafuta. Lazima kioshwe kwa sabuni, na kesho naondoka na mashine yangu."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipopotea. Nikiosha, nimeikana imani. Nisipoosha, narudi nyumbani na giza langu na jina la jeuri. Nikamwambia hapana, siwezi, hii samli ni ya Bwana! Nesi akashangaa. Mimi nalia, sijui nani yuko sahihi, sijui hata niombe nini.

Basi mama mkwe akasimama. Akafungua pindo la kanga, akatoa kipande cha sabuni. Sabuni ile alikuwa anaitunza kwa nguo nyeupe za kipaimara cha Yohana, akasafiri nayo asije akaibiwa. Akasema, "Mimi ndiye niliyekupaka, na mimi ndiye nitakayekuosha. Mungu haogopi sabuni. Inama." Nikainama. Akaniosha yeye mwenyewe, taratibu, mpaka maji yakawa meupe.

Nyaya zikashika! Kwenye kioo kukatokea miraba myeusi na myeupe, kama ubao wa drafti, inabadilishana nafasi harakaharaka. Ikija upande wangu wa kushoto, mashine inachora mlima. Ikija kulia, mstari unalala. Mtaalamu akaeleza kwamba jicho linapokea tu, kuona kwenyewe kunamalizikia nyuma, ndani ya kichwa, na njia yangu imezibwa huko. Picha nyingine zikathibitisha kwamba kuna uvimbe, tena upande wa kushoto. Sioni kulia, ugonjwa uko kushoto! Nikaacha kuuliza.

Madaktari wakanipasua, wakautoa, mkubwa kama tunda la ndulele. Sikuwa mwongo! Sikuwa na wazimu! Haleluya! Kuona kukarudi kidogokidogo, ingawa si kote. Kwa nini Mungu aliacha kipande, sijui. Kama ni samli iliyoniponya au ni sabuni, sijui pia. Ninachojua, vyote viwili vilitoka kwenye mkono mmoja. Kwa hiyo ndugu yangu, mwombee mgonjwa wako, mpake, halafu mwoshe umpeleke hospitali. Mtumaini Bwana, naye hatakuonea wivu kwa ajili ya daktari. Namshukuru Yeye, nawashukuru waliomtumikia kwa mikono yao.

Tangu siku ile, mama mkwe akija kwangu upande wa kulia hangoji salamu. Yeye, mzee, ndiye anayeanza kusema, "Niko hapa, mwanangu," ili nipate kumsalimia. Leo amezeeka, na nimeambiwa ameletwa, amekaa kulia kwangu, kiti cha mbele.

Mama, sikuoni, lakini najua upo. Shikamoo!