Marlys Ohlrich na Kiangazi cha 1985

Marlys Irma Ohlrich alizaliwa Machi 14, 1969, katika shamba la mahindi nje ya mji wa Wisner, Nebraska, mtoto wa pili wa Delbert na Irma. Aliagiza wasifu huu uandikwe na kaka yake, Norbert, na kiangazi cha 1985 kisirukwe. Norbert aliandika mara mbili, na mara zote mbili akakiruka. Huu ni wa tatu.

Alisoma shule ya mji huu, akamaliza Mei 1987. Kabla ya hapo, akiwa na miaka kumi na sita, barua ya mapenzi aliyomwandikia msichana wa darasa lake iliokotwa, ikasomwa, na watu wa kanisa hili wakakubaliana kwamba mtoto ni mgonjwa. Alipelekwa kwenye kambi moja ya milimani Colorado ili abadilishwe. Huko wavulana walifundishwa kufungua injini, na wasichana wakawekwa jikoni wajifunze kuwa wanawake. Marlys, aliyekuwa akitengeneza trekta la baba tangu darasa la sita, alipangiwa kukanda unga na Twyla Penner, msichana mwenzake wa Newton, Kansas.

"We, huo ni unga au saruji?" Twyla alimuuliza siku ya kwanza.

"Nyamaza. Nipe spana nikuonyeshe kazi."

Wakubwa wa kambi walidhani pai ndiyo dawa. Wawili wale walioka pai za tufaha wiki kumi na moja, unga umewajaa hadi kwenye nyusi, na mpaka mwisho wa maisha yake Marlys alitabasamu akisikia harufu ya mdalasini. Walilia pia, tena sana, kila jioni waliposimamishwa mbele ya wenzao wajitukane.

Alikuwa fundi wa matrekta kwa miaka thelathini na mbili. Wakulima waliomteta Jumapili walimpigia simu Jumatatu, naye alikwenda. Alifunga ndoa na Twyla Septemba 12, 2015, ndani ya gereji yake. Hapakuwa na keki. Palikuwa na pai.

Saratani ya kongosho iligunduliwa Februari mwaka huu. Wiki ya mwisho Norbert alimwambia, "Angalau kule ulimpata Twyla."

Marlys alimkazia macho. "Usiwape sifa hiyo, Norb. Nilimpata wao wakinizuia. Mimi sikuwa mgonjwa. Kalitamke hilo kanisani, wewe mwenyewe."

Alifariki Oktoba 9, 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Ameacha mke wake Twyla, kaka yake Norbert, wifi yake Arlene, na mabinti wawili wa Norbert na Arlene, waliomwita Shangazi.

Basi na litamkwe. Marlys hakuwa mgonjwa. Aliyeendesha gari maili mia tano hadi kambini, huku Marlys akimsihi kwenye kila kituo cha mafuta, "Kaka, turudi nyumbani," alikuwa Norbert, kijana wa miaka ishirini na mmoja, na hakugeuza gari. Dada yake alimsamehe. Yeye mwenyewe bado hajajisamehe.

Mungu ampokee Marlys akiwa mzima, kama alivyomuumba.