Kopo la Mwenzako

Kaeni, wanangu. Binti yangu, zima hiyo redio, maana pumzi iliyobaki kifuani mwangu ni haba na sitaki kuigombania na mtangazaji. Na wewe, kaka mtu, acha kuninyooshea mto. Hii ni mara ya tatu leo unaunyoosha na mimi sijalalamikia mto hata mara moja. Nikilalamika huwa nasikika. Keti hapo miguuni nikuone uso. Shemeji, nawe usiende jikoni, vuta kigoda ukae karibu na mlango kama unavyopenda, kwa sababu maneno ya leo yana fungu lako, na fungu lako ndilo lililonikalia kooni miaka arobaini na moja.

Nianze na mali, kwa kuwa najua mtu akilala kitandani wanaomtazama husema wanamtazama yeye, kumbe macho yanatembea ukutani. Nyumba hii ni yenu wawili, na haiuzwi wala kugawanywa maadamu mama yenu mdogo huyu, mjane wa mdogo wangu, yu hai. Kile chumba cha nyuma, pamoja na jiko la mkaa, sufuria zilizoganda nta, magunia ya unga wa mbao kutoka kwa seremala, na makopo ya dawa niliyoyaokota na kuyaosha kwa mikono hii, ni cha binti yangu. Peke yake. Usikunje uso, mwanangu, najua ulikwisha kupima mahali pa kuweka kitanda. Chumba kile ni cha anayekitumia, na wewe mara ya mwisho kuingia mle ulikuwa unatafuta mwavuli.

Nimechoka kuchekwa. Mtaa mzima unaniita Mzee Kiberiti. Nikienda harusini naulizwa kama nimekuja kumchoma bwana harusi, na ninyi mnacheka pamoja nao, mnageuza nyuso ili nisione mabega yakitikisika. Nimewafundisha kazi hii ya makopo ya kuwashia moto tangu mkiwa na meno ya utotoni, na bado leo nikiuliza nta inayeyushwaje, mmoja wenu atasema inawekwa motoni. Haiwekwi motoni! Nta inatiwa ndani ya kopo, kopo ndani ya sufuria ya maji, maji ndiyo yanayokaa motoni, kwa sababu nta ikiguswa na moto wenyewe italipuka ikuondoe nyusi, nawe utasema mzee hakuniambia. Ikiisha kuyeyuka, changanya na unga wa mbao uliokauka mpaka unapeperuka, mimina kwenye trei za karatasi za mayai, iache igande, ukate kikombe kimoja kimoja. Kitambaa cha kushikia cheche kiwe pamba tupu. Binti yangu analijua hili, maana vipande vinatoka chini ya cherehani yake: unavifungia ndani ya kopo lenye tundu moja kwenye kifuniko, unaliweka kwenye makaa mpaka moshi ukome, halafu unangoja lipoe. Unangoja! Ukilifungua na joto lake unapata majivu. Miaka yote hii hakuna kilichoniudhi kama watu wasiojua kungoja.

Na kulibeba ni kazi kubwa kuliko kulitengeneza. Ndani ya kopo tia kitambaa hicho cheusi, jiwe la gumegume, kipande cha tupa kuukuu cha kulipigia litoe cheche, na vikombe vinne vya nta, ufunge mdomo kwa mpira wa baiskeli maji yasipite. Kopo moja mwilini, ndani ya nguo. La pili kwenye mzigo. La tatu ni la mwenzako, na la mwenzako unalikagua kabla ya lako. Mnalijua neno hilo, mnaliimba kama watoto wa shule, lakini kuimba si kubeba.

Mwanangu, sasa nakuja kwako, na usiinamishe kichwa, sakafu haina jibu.

Msimu wa mvua uliopita ulipanda mlima na walimu watano, wewe ukiwa mwongozaji wao, watu waliokuamini kwa kuwa ulitoka nyumba ya Mzee Kiberiti. Dada yako akaja kwangu asubuhi ya siku ya tatu, mvua haijakatika, akasema, "Baba, kaka hajarudi, na makopo yote yako nyuma ya mlango." Yote! Uliyaacha kwa sababu mzigo ulikuwa mzito, na mfukoni ulikuwa na kiberiti cha gesi cha dukani chenye picha ya simba. Niliyatazama makopo yale. Nina miaka sabini na miwili. Nikavaa buti. Dada yako akasema, "Huendi, baba," nikamwambia abebe kamba na anyamaze, naye akabeba kamba lakini hakunyamaza, alinisema mpaka kwenye vichaka vya juu.

Tuliwakuta saa nane mchana chini ya lile jabali lililopinda. Mwalimu mmoja alikuwa amevua koti na anacheka peke yake, akisema kuna joto, kama asemavyo mtu anayekufa kwa baridi, na huyo, wanangu, alikuwa amebakiza saa moja tu ya dunia. Kiberiti chako kilikuwa mkononi, kidole gumba kimechubuka kwa kukisugua, na simba yule hakutoa hata cheche. Dada yako ndiye aliyefungua kopo tulilokuja nalo. Mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi, nikamshikia tu koti kukinga upepo. Alipiga tupa mara mbili, ya tatu kitambaa kikashika, akakipulizia ndani ya nyuzi za kamba, akaweka nta, na moto ukakaa. Alivua hata sweta lake akamvika yule mwalimu. Fundi cherehani, ambaye hajawahi kulala mlimani.

Nami nikarudi na kifua hiki. Daktari anasema uzee. Sawa, ni uzee.

Lakini wiki mbili baadaye walimu wakakuita uwanjani pa shule wakakupa shukrani, nawe ukasimama ukasema, "Hali ilikuwa mbaya, lakini nikafanikiwa kuwasha moto." Nikafanikiwa! Wale walikuwa wamezimia nusu, hawakujua nani alipiga tupa. Dada yako alikuwa amekaa pembeni yangu, akaanza kuokota nyuzi kwenye sketi yake. Nilitaka kusimama pale pale nikuumbue. Miguu ilikuwa tayari, mdomo ulikuwa tayari, na sikusimama. Nimekasirika tangu siku ile, nimekuwa nikigombana na uji, na mto, na paka wa jirani, na leo ndipo niseme kwa nini sikusimama.

Shemeji, hapa ndipo fungu lako.

Mdogo wangu, mumeo, hakupoteza kopo lake. Nililitoa mimi.

Tulikuwa tunabeba vyombo vya mpima ardhi mlimani, unakumbuka. Mpima ardhi akamchagua yeye awe mnyapara wetu, yeye, mdogo, juu yangu mimi niliyemfundisha hata kufunga kamba za viatu. Akaniambia mbele ya wapagazi, "Kaka, leo wewe utabeba miguu ya darubini." Hakunitukana. Aliniita kaka. Lakini nilisikia tusi, kwa sababu nilikuwa nalitafuta. Asubuhi, alipokwenda kunawa, nikafungua mkoba wake nikachukua kopo, nikalitia mfukoni mwangu karibu na langu, makusudi tukifika kambi ya juu ashindwe kuwasha moto mbele ya watu, aje kwangu aombe. Sikutaka zaidi ya hapo, walahi. Nilitaka kuombwa.

Mchana ukungu ukashuka, mvua ya barafu nyuma yake, akarudi nyuma kumtafuta mpagazi aliyechelewa. Mpagazi alifika. Yeye hakufika. Tulimkuta kesho yake asubuhi. Alikuwa amekusanya kila kitu, shemeji. Nyasi kavu alizozitoa kwenye kiota cha ndege, vijiti amevichonga vyembamba kama nywele, amepanga vidogo chini, vikubwa juu, vizuri kuliko nilivyowahi kupanga mimi. Na mkoba wake umepinduliwa nje ndani. Alilitafuta. Alilitafuta mpaka kwenye mshono.

Watu wakaniuliza, nikasema limemdondoka njiani. Wakasema, "Mzembe, maskini," nami nikatikisa kichwa. Halafu nikafanya baya kuliko hilo. Nikawalea watoto hawa kwa uzembe wake. Kila nilipowafundisha nilisema, "Msiwe kama baba yenu mdogo," na wewe uko jikoni unasikia, unakoroga chungu, mke wa mzembe, unakula kwenye nyumba ya kaka mwema. Makopo yote yale, maneno yote yale ya mwenzako kwanza, mnadhani ni hekima? Ni mtu anayekimbia mkoba uliopinduliwa.

Ndiyo maana sikusimama uwanjani, mwanangu. Nilikusikia ukidanganya nikasikia sauti yangu.

Ameondoka? Shemeji ameondoka? Mwacheni. Binti yangu, kaa chini, usimfuate. Mwacheni avunje vyombo akitaka, ni vyake.

Sikilizeni upesi sasa, ubavu unanibana. Mwanangu, Jumatatu utakwenda kwa walimu wale, useme mbele yao wote nani aliwasha moto. Usiwaandikie barua, usitume salamu, uende kwa miguu yako. Mpaka hapo usipandishe mtu mlimani, na ukipandisha, dada yako atakagua makopo kwanza, na usimwambie ana maneno mengi. Anayo. Yalinifikisha juu. Binti, chumba ni chako, lakini kaka yako akija kujifunza usimfungie mlango. Mwoneshe kungoja.

Na watu wa mtaa huu, wapagazi wazee waliobaki, seremala, wote, waambieni juu ya baba yenu mdogo. Siku ya mazishi yangu, kabla hawajaanza kunisifu. Wakishaanza kunisifu hamtapata nafasi, mnajua watu wetu, maiti haina dosari. Semeni: hakuwa mzembe. Aliporwa na ndugu yake.

Maji. Hapana, kidogo tu. Basi.

Niwape radhi yangu, nisije nikasahau kwa hasira. Mungu awape mikono isiyotetemeka. Awape mdomo unaosema kweli ingali na faida, si kama wangu, uliongoja mpaka… mpaka haina wa kumfaa. Mpendane. Mkigombana, gombaneni usoni, msiingie kwenye mkoba wa mtu. Nimewaridhia, wewe na wewe. Hata wewe, ndiyo. Acha kulia, unanilowesha shuka.

Nani huyo mlangoni? Shemeji. Umerudi.

Sema kwa nguvu kidogo, masikio yamekuwa mbali. Kama alikuwa nini? Amekaa au amelala?

Tulimkuta amekaa, shemeji. Amekaa, mgongo kwenye jiwe. Kisu kilikuwa… kisu kilikuwa mkononi. Alikuwa bado anachonga.

Ndiyo. Uliza. Uliza yote.

Wanangu, tokeni kidogo. Mwachieni kiti.